Mgongo wa Fahali wa Lukaria

Jumatatu, tarehe 6, mwezi wa kuvuna shayiri

Mume wangu amerudi kutoka karamuni leo asubuhi na hasemi. Ndevu zinang'aa mafuta, kwa hiyo amekula. Anatembea sawasawa, kwa hiyo hajalewa. Kavua upanga, katupa kofia yake ya shaba kwenye kapu langu la sufu — sufu niliyoifua jana! — kisha kalala na uso kautazamisha ukutani.

"Baba Kallo, kuna nini?"

Akavuta blanketi mpaka masikioni.

"Kuna mtu amekufa?"

"Paja," akasema.

"Paja la nani? Umeumia?"

"Wamenipa paja, mke wangu! Mimi! Paja!"

Nikakaa chini. Hili si jambo dogo. Fahali waliyemla kwa mfalme ni yule mwekundu wa Lukaria, aliyeibwa juzi. Lukaria ni kwetu, nilikozaliwa, na walipomleta nilinyamaza, maana wizi ukishaitwa ushujaa mke hana la kusema. Aliyemkokota fahali kwa pembe kutoka malishoni mpaka lango la Petrusa ni Filodamo, mume wangu, peke yake, mkono unavuja damu. Lakrate, anayejiita bingwa mwenzake, aliteguka kifundo kabla hata hawajafika, akakaa chini ya mzeituni kulinda viatu vya wenzake. Sasa nyama ya mgongo, fungu la bingwa, ilikuwa ya nani? Hata Kallo wetu anajua, na hajaota magego.

Kosa ni la Simo, mkata nyama wa mfalme. Macho yamemwishia, anawajua watu kwa viti vyao. Moshi ukamwandama Filodamo, naye akasogea benchi la pili. Lakrate akakiona kiti kitupu, akakikalia. Simo akaja na sinia, akatua mgongo mzima, mrefu, unachuruzika mafuta, mbele ya kiti. Na Lakrate, mwana wa watu, badala ya kusema "Mzee Simo, si mimi," akala! Akala mbele ya mabingwa wote na kuulamba mfupa.

Nyama ya heshima ikishatua mbele ya mwanamume haiondolewi. Ukiiondoa mnauana hapo hapo mezani. Kwa hiyo mfalme alikaa anahesabu boriti za dari, na mume wangu akatafuna paja lake huku akilia kwa ndani.

Ameapa kwa Zeu hashiki mkuki tena kwa ajili ya Petrusa. Nimemletea supu ya dengu. Kaikataa. Baadaye nimekuta bakuli tupu.

Jumanne, tarehe 7

Lukaria wamekuja!

Nimepanda ukutani na wanawake wengine. Wameteremka kwenye majahazi, wamepiga kambi ufukweni, juu kabisa ya mabwawa yetu ya chumvi. Mbele yao mtu mmoja anatembea kifua mbele, kofia ina mkia mwekundu wa farasi unaopepea hata pasipo upepo. Sikuhitaji kuambiwa. Ule ni mwendo wa kaka yangu Kleombroto. Tangu mdogo anatembea kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Kumbe fahali alikuwa wake.

Nimeshuka ukutani, nikaenda kulia nyuma ya mitungi ya mafuta. Nilie vizuri, kisha niandike.

Hawa wawili hawajawahi kula pamoja. Wangekula, hata kipande, leo nisingelia. Watu waliokula kwenye moto mmoja hawainuliani mkuki, wala watoto wao, wala wajukuu. Hilo Zeu mwenyewe analisimamia. Lakini siku ya harusi yangu, baba yake Filodamo, Mzee Telesarko, alimpa kaka yangu bega. Bega zuri tu! Lenye mafuta! Mgongo alimpa mjomba wa Filodamo, mzee aliyekuwa na meno mawili. Kaka akaliangalia bega. Akaniangalia mimi. Akakunja mikono, akakaa hivyo karamu nzima kama nguzo, hajagusa nyama, hajagusa mkate, hajagusa hata mzeituni. Akaondoka na njaa, na tangu siku ile hajaweka mguu hapa. Kallo hamjui mjomba wake.

Ingawa angekula pia angelalamika. Kwake chakula changu chote hakina chumvi. Nilikuwa na miaka minane nikamkaangia yai la kwanza maishani mwangu, akaonja, akasema, "Dada, halina chumvi." Mama alikuwa amelitia chumvi mara mbili.

Jumatano, tarehe 8

Mpiga mbiu wa Lukaria amekuja langoni na fimbo yake. Kwa adabu kabisa: rudisheni fahali, tuondoke, watu wavune shayiri yao.

Mfalme wetu akakohoa. Wazee wakakohoa.

"Fahali yuko wapi?" akauliza mpiga mbiu.

"Yumo," akasema mfalme. "Yumo miongoni mwetu."

"Hai?"

Hapo pakawa na kikohozi kirefu sana.

Basi vita. Lakini kaka yangu hapendi kelele za jeshi zima, zinafunika sauti yake. Amesimama uwanjani, amepiga mkuki kwenye ngao, ametangaza: atoke mmoja, aliye bora Petrusa, wapigane wawili, na hilo ndilo litakaloamua. Mji mzima ukageuka kuangalia paa la nyumba yetu.

Filodamo alikuwa amelala, anasuka nywele za Kallo vibaya.

"Wanakuita," nikamwambia.

"Wamwite Lakrate. Si ndiye aliyekula mgongo? Nguvu zote anazo yeye. Mimi ni mtu wa paja."

Nikamwangalia pale, nywele timtim, midomo imebinuka kama ya mtoto aliyenyang'anywa pera. Katika miaka yangu yote ya ndoa sijawahi kumpenda namna ile. Maana akinuna, hatoki. Asipotoka, haui wala hauawi. Basi na anune! Anune mpaka shayiri ioze, mpaka kaka yangu achoke na kurudi kwetu. Kazi yangu ni moja tu sasa: kuhakikisha donda halikauki.

Alhamisi, tarehe 9

Wakati wa uji:

"Nimemwona Lakrate kisimani. Amenawiri!"

Kijiko kikasimama hewani.

"Ngozi imekuwa laini," nikaongeza. "Wanasema mgongo una mafuta ya aina yake."

Karudi kulala. Siku imekwenda vizuri.

Chumvi imeisha nyumbani. Imeisha mji mzima, mabwawa wameyakalia akina kaka. Jibini linaliwa hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 10

Hatari leo! Ilikuwa nusura.

Mfalme ametuma watu watatu kuja kumbembeleza, wakiongozwa na mpiga mbiu wetu, yule mwenye sauti ya kugonganisha sahani. Wakapanga zawadi uani moja moja: jungu la shaba la miguu mitatu, mkanda wa zambarau, farasi wawili weusi. Maneno matamu nayo wakamwaga. Simo ni mzee, tumsamehe. Mfalme hapati usingizi. Filodamo nguzo, Filodamo ukuta, Filodamo simba.

Mume wangu akakaa kitako. Kisha akasimama. Kisha akawaendea farasi, akafungua mdomo wa mmoja, akaangalia meno, akasema, "Mh." Naijua hiyo "mh." Ndiyo aliyosema aliponiona mimi mara ya kwanza, na wiki ile ile akaleta posa.

Nikatoka jikoni na mtungi wa divai, natabasamu kama mke mwema.

"Karibuni, karibuni. Lo, jungu zuri jamani! Na hapa chini wameliziba vizuri, mtu hawezi kujua lilitoboka."

Filodamo akainama. Akalipindua. Kiraka hicho, ukubwa wa kiganja.

"Jungu la kiraka?" akauliza. Pole pole. Anapouliza pole pole ndipo pabaya.

"Ni kiraka cha heshima," akasema mpiga mbiu. "Jungu hili lilipigwa mshale katika vita vya—"

"Kwanza paja, sasa kiraka! Kesho mtaniletea mfupa na mbwa wa kunisaidia kuutafuna! Tokeni!"

Wakatoka, na jungu, na farasi. Mmoja wa farasi ameacha alama yake uani. Nimeipangusa huku nikiimba.

Jumamosi, tarehe 11

Wameona aibu, wamemtoa Lakrate. Kajitakia.

Alitoka amevaa shaba tupu kutoka kisigino mpaka utosi. Kifundo kimefungwa kitambaa. Akasimama, akaanza kutaja ukoo wake kama inavyotakiwa, na alipofika kwa baba yake, yaani mtu wa kwanza kabisa, kofia ikamfunika macho. Akawa anaeleza nasaba yake kwa mtini uliopo uwanjani. Kaka yangu akamgonga bega na kitako cha mkuki amgeuze. Lakrate akadhani ameshachomwa. Jamani mbio zile! Na kifundo kilipona saa ile ile. Wamezunguka mtini, ngao huku, kofia kule, akaingia langoni na nguo ya ndani. Wanawake wa Petrusa tumecheka mpaka mmoja kashikwa na uchungu, amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima.

Kaka hakumfuata. Akasimama chini ya ukuta, akainua uso, akaita kwa ile sauti inayosikika mpaka visiwani:

"Filodamo! Shemeji! Umejificha kwenye kikapu cha sufu cha dada yangu?"

Mji mzima umesikia. Na aliyekuwa amesimama pembeni yangu, mikono kiunoni, ni mama mkwe wangu, Bi Hagno.

Sikuwahi kumshinda Bi Hagno kwa lolote, na leo sikumshinda. Kaingia chumbani bila kubisha, mzee Telesarko nyuma yake amebeba mkuki wa babu wa babu yao, ule mrefu unaokwangua dari.

"Umesikia wanavyokuita?"

"Nimesikia, Mama."

"Na umelala!"

"Wamenipa paja, Mama."

"Mimi nilikupa ziwa!" Na akalitoa, mbele ya mumewe, mbele yangu, mbele ya Kallo. "Hili hapa! Hili lilikunyonyesha miaka mitatu kwa sababu ulikataa kuacha! Sasa kesho niende kisimani niseme nini? Niseme nilimnyonyesha nani? Kondoo?"

"Bi Hagno, funika, kuna baridi," mzee Telesarko akasema.

"Sifuniki mpaka ainuke!"

Akainuka. Mwanamume gani angebaki amelala? Akaupokea mkuki, ukakwangua dari, chokaa ikatudondokea wote kichwani. Mzee akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu paji. Macho ya mzee yalikuwa yamejaa maji. Naye ni mwanawe pekee aliyebaki. Wawili wa kwanza walikwenda kwenye vita kama hivi, wakarudi wamebebwa juu ya ngao zao. Lakini hakusema kaa, kwa sababu baba wa Petrusa hasemi kaa.

Mimi pia sikusema. Siku tano nimekuwa na maneno ya kila namna, na leo nimefagia chokaa tu.

Jioni, Kallo amelala, tumekaa kizingitini. Nikamwambia yote. Kwamba nilikiona kiraka cha jungu na nikakitaja kwa makusudi. Akacheka kidogo.

"Nilijua. Uliposema umemwona Lakrate kisimani nilijua. Lakrate anateka maji lini?"

"Na hukusema?"

"Kununa kulikuwa kuzuri," akasema. "Sijapumzika hivyo tangu tuoane."

Nikasema: "Ukimuua kaka yangu nitakutandikiaje kitanda? Na akikuua wewe, nitamlilia nani na nitamlaani nani? Nyote ni wangu."

"Sina chuki naye, Mama Kallo. Ni mpumbavu, lakini hata mimi bega lingenikera." Akashika mkono wangu, wake ulikuwa wa baridi. "Ila nikikaa ndani, Kallo ataitwa binti wa nani? Nani atakuja kumchumbia? Angekula tu siku ile. Mzeituni mmoja! Leo ningetupa mkuki chini na hakuna ambaye angenicheka."

Amelala. Mimi sijalala. Mzeituni mmoja, mzeituni mmoja. Linanizunguka kichwani.

Jumapili, tarehe 12, asubuhi

Haraka, nta ya kibao changu cha kuandikia inaisha na kazi ni nyingi.

Nimemwendea mzee Telesarko kabla hajanawa uso. Nikamuuliza: kula pamoja, ni lazima iwe chini ya paa?

Akafikiri, akajikuna kifua. Hapana, akasema. Babu yake alifunga undugu na mtu wa Krete juu ya gogo katikati ya bahari, na samaki mmoja mbichi. Lakini kuna masharti. Chakula kitoke kwenye moto wa nyumba. Watu wawili, sinia moja. Na tonge lipite koo. Likishapita koo, basi, Zeu ameandika. Likitemwa, hakuna kitu.

"Tonge dogo?"

"Dogo hata kama chembe. Ila lipite." Akanitazama kwa jicho moja. "Na binti yangu, safari hii asipewe bega."

Sasa tatizo: mgongo wa nini? Mji hauna ng'ombe, tumeshawala. Kuna mnyama mmoja tu mwenye mgongo wa maana katika nyumba hii, naye ni nguruwe wa Bi Hagno, aliyemlisha tini kwa mkono wake tangu majira ya baridi kwa ajili ya sikukuu ya Demetra, mama wa nafaka. Anamwita "mwanangu." Filodamo hajawahi kuitwa hivyo kwa sauti ile.

Demetra anisamehe. Bi Hagno hatanisamehe, lakini huyo nimemzoea.

Muda ninao. Watu wa nje wangedhani wapiganaji wakikutana wanapigana. Wapi! Lazima kwanza kila mmoja ataje ukoo wake, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mwenzake. Lakrate alipewa babu wachache, masikini. Lakini kaka yangu! Nasaba ya kwetu naijua yote, tuliikariri pamoja tukichunga mbuzi, na hawezi kuruka hata mmoja, hata yule mjomba aliyekufa kwa kusongwa na kitunguu. Na Filodamo kwao wanaanzia kwenye mto.

Nasikia ngao zinagongwa. Ametoka. Nanoa kisu.

Jumapili hiyo hiyo, uwanjani

Ninaandika nimekalia ngao ya mume wangu, katikati ya majeshi mawili. Kibao nilikuwa nimekifunga kiunoni. Mikono inanuka moshi. Hakuna aliyekufa. Bado.

Niandike ilivyokuwa.

Kaka alipofika kwa babu wa tatu, nilimchinja nguruwe. Alipofika kwa yule aliyemuua dubu kwa kumkazia macho, nilikuwa nimeuweka mgongo motoni. Bi Hagno alikuwa ukutani, hakusikia. Halafu ikaja zamu ya Filodamo, na nilimsikia vizuri kutoka jikoni, maana alijitahidi kuliko siku zote:

"Na huyo alizaliwa na mto wenyewe, ule upitao chini ya mlima wetu!"

"Upi?" kaka akauliza. "Ule unaokauka kiangazi?"

"Haukauki! Unapumzika!"

"Usimkatize mtu akitaja ukoo, sheria!" akapiga kelele mpiga mbiu wetu.

"Sikukatiza, nimeuliza!"

"Basi anaanza upya!"

Nilimbariki mpiga mbiu yule. Filodamo akaanza upya, kutoka kwa Mzee Telesarko mpaka mtoni, na mgongo ukapata muda wa kuiva upande wa pili. Ngozi ikakauka vizuri, ikawa inalia. Nikanyoosha mkono kwenye kibuyu cha chumvi, kitupu. Nikakikung'uta kiganjani, hata vumbi. Basi, ikae hivyo.

Kitu kimoja niandike. Nilipokuwa naipua nyama, Filodamo alikuwa amemaliza, na kaka akafunga ukoo wake kwa kumtaja tena baba yetu. Alilitaja jina lile kama tulivyokuwa tukilitaja utotoni, kwa kulivuta mwisho. Nikasimama na uma mkononi. Mtu huyu analiita jina la baba yangu na baada ya hapo anataka kuniacha mjane. Nikabeba sinia, nikatoka. Mlinzi wa lango akasema hairuhusiwi. Nikamwambia, "Nishike basi, sinia ni la moto." Akanipisha.

Walikuwa wameshainua mikuki. Haki ya Zeu, walikuwa wameshainua. Nikapita katikati.

"Chakula tayari," nikasema.

Sijui ningesema nini kingine.

"Dada, toka!"

"Mama Kallo, rudi ndani!"

"Siendi. Moto wa nyumba yangu, sinia moja, na huu hapa ni mgongo, si bega. Kaka, nimekukaribisha mbele ya majeshi mawili na mbele ya Zeu wa wageni. Ukikataa, kataa kwa sauti wote wasikie."

Hakukataa. Mtu hawezi kukataa kwa sauti. Na harufu ile jamani! Upepo uliipeleka kwa Lukaria kwanza, wamekula jibini kavu siku zote hizi. Safu nzima ya mbele ilikaa chini. Kutoka ukutani nikasikia yowe la Bi Hagno, "Mwanangu!" na watu wakaguswa sana, wakadhani anamlilia Filodamo.

Nikajua nimeshinda. Masikini mimi! Nilisahau hawa ni wanaume wa namna gani.

"Mtangulize yeye," akasema Filodamo. "Mimi mwenyeji."

"Nile kwanza kama ombaomba?" kaka akasema. "Ale yeye kwanza."

"Nile mgongo mbele ya mgeni? Ili mseme Petrusa hatuna adabu?"

"Mgeni nani? Mimi ni adui yako!"

"Adui mgeni!"

Nikachukua kisu cha kaka kiunoni mwake, nikaukata mgongo katikati. Pap. Vipande viwili sawasawa, kila mtu wake.

"Chake kikubwa," wakasema wote wawili. Pamoja. Kama waliofundishwa.

Hapo ndipo nilipoivuta ngao ya mume wangu, nikaikalia. Jua linateremka. Mpiga mbiu wetu amepima kwa fimbo, wa kwao amesema fimbo ya Petrusa imepinda. Kikaletwa kipande cha kamba. Kamba ikavutwa. Mikuki bado imesimama ardhini, wima, karibu na mikono. Mara moja kaka ameushika wake, mara moja mume wangu ameugusa wake. Lakrate ametuma salamu kutoka ukutani kwamba kama hakuna anayekitaka kile kidogo, yeye yuko tayari. Hicho ndicho kitu pekee walichokubaliana leo: wote wawili wamemtukana kwa neno moja.

Mzee Telesarko anaita kutoka juu, mkono nyuma ya sikio:

"Wamekula?"

Nampungia: bado.

Sasa wamechuchumaa wote juu ya sinia, wanaonyeshana mafuta kwa ncha za visu, mikia ya kofia zao imechanganyikana. Kaka anasema upande huu una mbavu. Filodamo anasema mbavu ni mfupa, mfupa hauhesabiki. Nimeacha kuwaangalia. Nta imebaki ya mistari michache. Kama watauana juu ya nyama hii, niandike tu kwamba iliiva vizuri.

Hapo nikasikia sauti ya kaka yangu. Si ile ya uwanjani. Ile ya nyumbani, ya chini, ya puani, ya kulalamika:

"Shemeji, unavumiliaje? Huyu dada yangu hajajifunza mpaka leo. Hii nyama haina chumvi."

Nimeinua kichwa.

Filodamo kashika kisu hewani. Mpiga mbiu wa kwao kadondosha kamba. Kaka ametukodolea macho, ameduwaa mwenyewe, na shavu lake la kushoto limetuna.

Mzee Telesarko anaita tena: "Wamekula?"

Majeshi mawili yanaliangalia koo la kaka yangu. Bado hajameza.